Waliponipa Maji Niyagawe

Mume wangu alikufa kazini, asubuhi, king'ora cha saa sita kikiwa bado hakijalia. Kitu kilianguka kule kwenye tanuru za shaba. Mpaka leo sijui ni kitu gani, kwa sababu aliyekuja kuniambia alikuwa kapita, msimamizi wa kambi, na kapita hakuwa mtu wa kueleza. Alisimama mlangoni, akavua kofia yake.

"Mama, bwana yako amekufa. Beko naye ku hospitali."

Nilikuwa natwanga mihogo. Nilimaliza kutwanga iliyobaki kinuni, nikachekecha unga, nikaufunika kwa ungo, nikafunga kitambaa kichwani, nikamfuata. Watu wakisikia habari hiyo huniuliza kama niliduwaa. Sijui. Najua tu kwamba niliwaza kuku wataingia kwenye unga.

Wakati wa kilio wanawake wa kambi walinizunguka wakiimba na kujipiga vifua. Mimi nilikaa kwenye mkeka katikati yao nikitazama miguu ya mwanamke aliyekuwa mbele yangu, kisigino chake kilivyopasuka. Machozi hayakuja. Nilisikia wawili nyuma yangu wakinong'onezana kwamba mwanamke asiyelia ana jambo lake. Sikuwa na jambo. Ndani yangu palikuwa kama nyumba iliyohamishwa vyombo, hata nikiitwa jina langu nilichelewa kugundua kwamba naitwa mimi.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi. Kazi imekwisha, nyumba imekwisha. Kapita alirudi kuniambia hivyo, tena kwa upole, na nikamjibu ndiyo.

Mdogo wa marehemu alikuwa amefika kutoka kwao, upande wa Mitwaba, juu ya lori la unga. Alikuja kunichukua, kama ilivyokuwa desturi. Alikaa ukutani, mtu mpole mwenye mke tayari, akasema akitazama chini, "Baba anasema ukuye. Tutaenda pamoja. Utakuwa ku nyumba yangu."

Ningekwenda. Mtu yeyote angeniambia niende mahali popote, ningekwenda. Lakini dada mkubwa wa marehemu, wifi yangu, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe, naye hakuinua hata macho.

"Yee haendi," alisema. "Anabakia na miye."

"Yaya, dada yangu, desturi..."

"Miye njo mukubwa wa marehemu. Minasema anabakia."

Baadaye, tulipokuwa tumezoeana, aliniambia bila haya kwa nini alinizuia. Alihitaji mikono.

*

Wifi yangu na mumewe walikaa nje ya mji, kwenye kijito kinachoshuka kuelekea mto Kafubu. Wazungu waliuita mji ule Élisabethville. Sisi tulisema Lubumbashi, na tulipokuwa kule kwenye kijito tulisema "mjini" tu, tukinyoosha kidole kwenye moshi. Bomba kubwa la moshi la viwanda lilionekana, na upepo ukigeuka moshi ulitufikia ukakausha koo. Kila kitu kingine kilikuwa pori, nyasi ndefu, na vichuguu vikubwa kuliko nyumba.

Waliokaa pale walikuwa watu waliofukuzwa kazi. Ilikuwa miaka ile ya taabu, shaba haikutakiwa tena huko ilikokwenda, na wanaume waliambiwa warudi makwao. Wengi walirudi. Wengine walikuwa wamekaa mjini muda mrefu mno, hawakujua tena kwao wangerudi kwa nani. Mume wa wifi alikuwa wa reli, alitandika njia tangu ujana wake. Mtu mkubwa, mabega kama mlango. Alikuwapo mama mmoja wa Kasai ambaye mumewe, karani zamani, alikuwa amelala na ugonjwa wa kifua. Huyo mama alijua Kifaransa cha masista. Alikuwapo mwanamume mmoja mfyatua matofali, mjane, mtu mrefu wa maneno machache. Na familia nyingine kadhaa, na watoto wao.

Njaa ya pale ilikuwa ya namna moja kila mwaka. Mvua zilipokuwepo tulilima mahindi na mihogo, tukala. Kiangazi kilipoingia ardhi iligeuka tofali. Kijito kilikuwa kinapita pale chini, maji safi, yakisikika, na mashamba yetu yalikuwa juu. Tulipanda na maji kwenye mitungi kichwani. Mwanamke mwenye nguvu aliweza kuweka hai matuta machache ya lengalenga, yaani mchicha, na vitunguu, basi. Akiba ya ghalani ilikwisha zamani kabla ya mvua kurudi. Katika miezi hiyo ya mwisho, ya joto, tulikula sombe, majani ya mihogo, bila mafuta, na nywele za watoto zilianza kuwa nyekundu.

Nilibeba mitungi. Wifi alikuwa akinitazama nikipanda kilima, na mara moja alisema, "We mama, hata punda anasimama kidogo." Sikuwa nimegundua kwamba sijasimama.

*

Siwezi kusema wazo la mfereji lilitoka kwa nani. Kila mmoja alidai lake. Mfyatua matofali alikuwa amewahi kufanya kazi katika bustani ya misheni, akaona jinsi maji yalivyoletwa kwa mtaro kutoka mbali, juu zaidi, ili yakifika bustanini yawe bado juu. Mume wa wifi alisema reli nayo hupanda kilima kwa kuzunguka, haikimbilii. Mama wa Kasai alisema afadhali mikono ichoke mara moja kuliko shingo kuchoka kila siku. Walizungumza majuma mengi. Kisha siku moja wakaamka wakaenda sehemu ya juu ya kijito, mahali palipokuwa na mawe, wakaanza kuchimba.

Kila nyumba ilipewa kipande chake. Mimi na wifi na mumewe tulipewa kirefu kwa sababu tulikuwa na mikono mingi. Kuchimba kulinifaa. Jembe linapanda, jembe linashuka, udongo unatoka. Hakuna anayekuuliza unajisikiaje. Mikono ilitoa malengelenge, yakapasuka, ngozi ikawa ngumu. Niliyaona mikononi mwangu kama ninavyoyaona ya mtu mwingine.

Mtaro wa kwanza ulikufa. Tulipofungua mawe maji yaliingia, yakatembea vizuri mpaka kwenye kichuguu kikubwa, yakasimama. Yalisimama pale yakitutazama, halafu yakaanza kurudi nyuma. Watu walikaa chini. Mwanamke mmoja alitukana Mungu kisha akajifanyia ishara ya msalaba. Wengine walitaka kupita chini ya kichuguu, mume wa wifi akasema juu, juu, na walibishana mpaka jua likazama. Kesho yake wakaanza upya, juu. Sehemu zilizovuja tulizikandika kwa udongo wa kile kichuguu kilichotuzuia, unaoshika kuliko udongo mwingine wowote.

Siku maji yalipofika mashambani ilikuwa asubuhi ya baridi, nyasi nyeupe kwa umande. Yalikuja polepole, ulimi wa matope ukisukuma mbele yake majani makavu, majivu na siafu waliokuwa wakihangaika. Watoto walikimbia pembeni wakipiga makelele. Mume wa wifi alicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akalala kifudifudi akanywa. Wanawake walipiga vigelegele. Wifi alinishika mkono akauvuta, "Angalia! Angalia!"

Niliangalia. Niliona maji yenye siafu.

*

Kabla mwezi haujaisha walianza kupigana.

Mfereji ulikuwa mmoja na mashamba mengi. Wa juu alinywa akasahau kufunga. Wa chini alipanda na jembe begani kuuliza. Kila mmoja alikuwa na sababu: huyu ana mgonjwa, yule ana watoto wengi, mwingine alichimba kipande chenye mawe.

"Ulifunga mayi yangu!"

"Mayi yako? Weye njo ulizaa mvua?"

Siku moja wanaume wawili waliingia mtaroni wakakamatana mashati, na ukingo tuliokuwa tumeukandika ukabomoka chini ya miguu yao, maji yote yakamwagika porini. Hapo ndipo walipoachiana. Waliona yanavyokwenda, hayana faida kwa mtu.

Jioni ile walikaa nje kwa wifi. Walikubaliana haraka juu ya zamu. King'ora cha kampuni kilisikika mpaka kwetu, asubuhi, mchana na jioni. Mmoja angechukua maji kuanzia king'ora cha asubuhi mpaka cha mchana, mwingine kutoka mchana mpaka jioni, na kuendelea hivyo kwa mpango. Walikubaliana kwamba asiyesafisha kipande chake cha mfereji hapati maji, na anayefungua nje ya zamu anakosa zamu yake inayofuata. Kazi ilikuwa kumpata wa kulinda. Kila jina lililotajwa lilikataliwa. Huyu ana ndugu zake, yule anapenda pombe, huyu anaogopa mkewe.

Mama wa Kasai ndiye aliyenionyesha kwa kidevu.

"Tumupatie huyu."

"Huyu ni ndugu yao," mtu akasema, akimaanisha wifi na mumewe, ambao shamba lao lilikuwa kubwa kuliko yote.

"Ni ndugu yao, ndiyo. Lakini mulimuona siku mayi ilifika? Bantu bote bakacheka, yee akaangalia tu. Muntu ya vile hatapendelea."

Walinigeukia. Sidhani kama walikuwa wamenitazama kweli kabla ya hapo. Wifi aliuliza, "Utaweza?"

"Nitaweza."

Sikuwaza kama ni heshima au matusi. Walikuwa wamesema kweli.

*

Basi nikawa mtu wa maji. King'ora kikilia, nilikuwa nimeshasimama kwenye njia ya maji na kipande changu cha bati. Ninachomeka bati hapa, maji yanageuka pale. Ni king'ora kile kile kilichokuwa kikimwita mume wangu kazini na kumrudisha. Mara za kwanza nilingoja kuona kama kitanifanya kitu. Hakikunifanya kitu. Kililia, nikachomoa bati.

Walinijaribu, kama watu wanavyojaribu. Mmoja aliniletea samaki wakavu amewafunga katika jani. Nilimrudishia. Mwingine alilia mbele yangu, akaniambia habari za mtoto wake, na nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikageuza maji kwa mwenye zamu. Mwanamke mmoja alinitukana, akamtaja na marehemu. Nilimwacha amalize. Baada ya muda waliacha, kwa sababu hakuna kinachochosha kama kugonga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Na kiangazi kile tulikula. Lazima niseme hivyo wazi, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Miezi ambayo zamani tulikuwa tunangoja mvua kwa macho, kulikuwa na kabichi, vitunguu, nyanya, lengalenga kila mahali. Wanawake waliondoka alfajiri na vikapu wakaenda mjini, kwenye soko na kwenye milango ya nyuma ya nyumba za Wazungu, wakarudi na unga wa bukari, ugali wetu, chumvi, sabuni, mafuta. Tulitia mafuta kwenye sombe. Nywele za watoto zikarudi nyeusi. Mume wa mama wa Kasai hakupona, lakini alikufa akiwa amekula. Mkewe mwenyewe alisema hivyo, akalitaja kama jambo la kushukuru.

*

Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema. Kijito kilipungua, na Muzungu mmoja aliyekuwa na ng'ombe wa maziwa huko juu yetu alikizuia kwa magunia ya mchanga na mbao ili apate bwawa. Asubuhi moja king'ora kilipolia nilichomoa bati na hakuna kilichokuja, ila matope yaliyokuwa yakikauka na chura mmoja.

Vijana wa kiume walitaka kwenda kulivunja bwawa. Walikuwa wameshakamata majembe. Mume wa wifi aliwazuia. "Mutapigwa fimbo, na kiisha watatufukuza bote. Hapa hatuna karatasi." Ilikuwa kweli. Tulikaa pale kwa sababu hakuna mkubwa wa serikali aliyejisumbua kuja kutuondoa.

Tulikwenda watatu: yeye, mama wa Kasai kwa ajili ya Kifaransa chake, na mimi kwa sababu maji yalikuwa yangu kuyagawa. Muzungu alitupokea uani, hakutukaribisha kwenye baraza. Alikuwa mtu mfupi mwenye uso uliochomwa na jua, na alionekana amechoka kama sisi. Mama wa Kasai alisema Kifaransa vizuri, polepole; Muzungu akamjibu kwa Kiswahili cha amri, kana kwamba hakukisikia Kifaransa chake.

"Ng'ombe yangu inakunywa kwanza. Mayi iko kidogo."

"Bwana, na bantu nabo banakunywa," alisema mama wa Kasai.

Alitutazama. Kisha alinitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa sijainamisha macho. Sikuwa na ujasiri wowote. Nilisahau tu kuyainamisha. Akasema kazi yake ya kumwagilia majani ya ng'ombe husimama Jumamosi mchana. Kuanzia hapo mpaka Jumatatu asubuhi atatoa mbao. Siku nyingine tusije.

Tulirudi. Mume wa wifi alisema njiani, "Siku ya Yesu tu. Juma nzima, siku ya Yesu tu."

Walikaa tena nje kwa wifi. Maji hayo yangetosha nusu ya mashamba. Wengine walisema wa juu walime, wa chini wapumzike. Wa chini walisimama wote pamoja. Mwishowe mfyatua matofali, ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa mkiani mwa mfereji, alisema, "Kila muntu alime nusu ya shamba yake. Mukubwa nusu, mudogo nusu." Palikuwa na ubishi, lakini hakuna aliyepata neno bora. Waliitikia mmoja mmoja. Mume wa wifi aliitikia pia, mdomoni tu. Yeye ndiye aliyekuwa na kikubwa cha kukata, na nyanya zake zilikuwa tayari zimetoa maua, upande wote, matuta kwa matuta.

*

Ilikuwa Jumapili, wote wakiwa misa. Zamu ilikuwa ya mama wa Kasai, nami niliyaelekeza maji kwake, kisha nikapanda kuangalia kama mbao za Muzungu bado ziko wazi. Niliporudi niliona mfereji wa mama wa Kasai umelegea, maji yamelala. Nilifuata ukingo kwenda juu. Mume wa wifi alikuwa amekata ukingo kwa jembe, na maji yalikuwa yakiingia kwenye nyanya zake, kwenye ile nusu aliyotakiwa kuiacha.

Hakukimbia. Alisimama ndani ya maji.

"Baba," nikasema, "leo hapana zamu yako."

"Rudi ku nyumba, mama."

"Leo ni ya mama wa Kasai."

"Nani alikupatia bukari siku kambi ilikufukuza?"

"Ni weye, baba."

"Nani alikupatia fasi ya kulala?"

"Ni weye."

"Basi toka."

Niliingia kwenye maji. Nilichomeka bati langu pale alipokata, nikaanza kujaza udongo kwa mikono. Alinyanyua jembe. Sikumtazama yeye, nilitazama jembe, na niliona matope yakidondoka kutoka kwenye chuma, na kwamba mpini umepasuka karibu na chuma na utahitaji kubadilishwa. Hayo ndiyo niliyoyawaza. Niliendelea kujaza udongo. Sijui jembe lilikaa juu muda gani. Lilipoteremka liliteremka taratibu, likaingia kwenye tope karibu na mguu wangu.

"Weye hauko muntu," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyegundua. "Kweli, hauko muntu."

Akakaa kwenye ukingo, miguu ndani ya mtaro, akaziba uso kwa mikono yake mikubwa. Nilishika bati mpaka udongo ukashika, maji yakaanza kushuka tena kwenda kwa mama wa Kasai.

Watu waliporudi misa sikuhitaji kusema. Alisimama mwenyewe mbele yao, kofia mkononi. "Ni miye. Nilifungua." Mama wa Kasai, ambaye ndiye aliyeibiwa, alisema asamehewe, kwa kuwa mtu huyo ndiye aliyetuonyesha njia ya juu ya kichuguu. Wengine waliitikia. Kisha wote wakanigeukia.

"Mulisema anayefungua anakosa zamu," nikasema. "Ni nyinyi mulisema."

Alikosa zamu. Kwa kuwa maji yalikuja mara moja kwa juma, nyanya zake hazikuvumilia. Tuliziona zikikunjamana siku kwa siku, kwanza majani, kisha maua yakaanguka.

Jioni ya Jumapili ile nilipofika nyumbani nilikuta furushi langu limewekwa nje, limefungwa vizuri. Wifi alikuwa kwenye jiko.

"Ulifanya sawa," alisema, akikoroga. "Sikukasirikii ju ya ile. Lakini tomati yangu itakufa, na siwezi kuangalia uso yako wakati ninakula. Siwezi, mama."

"Nimesikia, yaya," nikasema, nikachukua furushi.

Walinijengea kibanda juu, kwenye mawe ambako mfereji ulianza. Mfyatua matofali alitoa matofali, wengine nyasi na fito. Walisema mtu wa maji inafaa akae karibu na maji. Niliishi pale. Usingizi wangu ulikuwa kama kazi yangu, ulianza na kuisha.

*

Hakuna shamba lililokufa lote mwaka ule, isipokuwa zile nyanya. Kila nyumba ilivuna kidogo, na mvua iliporudi ilitukuta bado tuna unga. Mahali pengine kando ya kijito, ambako hawakuwa na mpango, watu walikuwa wamekwisha kuhama.

Mvua za kwanza zilipokuwa zikinyesha, wifi alipanda kwenye kibanda changu amejifunika gunia kichwani. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Bukari imeiva," alisema. "Kuya."

Nilikwenda. Mume wake alisogea akanipa nafasi kwenye mkeka. Hatukuzungumza habari ile, siku ile wala nyingine. Lakini tulipochimba kidimbwi cha kuhifadhia maji ya Jumapili, yeye alichimba sehemu kubwa, na hakuna mwaka hata mmoja aliogusa ukingo nje ya zamu yake. Ikiwa mtu alilalamika juu yangu mbele yake, alisema, "Huyu? Mwache huyu," akatikisa kichwa.

Mambo yalikwenda. Muzungu alichimba kisima chake, akatuachia kijito siku zote. Mmoja baada ya mwingine watu waliezua nyasi kwenye paa wakaweka bati. Watoto wakaenda shule ya misheni wakiwa na nguo. Mfyatua matofali alipata baisikeli, akawa anapeleka kabichi za watu wote mjini amezifunga nyuma mpaka baisikeli haionekani, zinaonekana kabichi zinazotembea. Familia zilizofukuzwa kazi Kipushi zilikuja kuomba ardhi mkiani, tukawaambia wachimbe kipande chao nasi tutarefusha mfereji, na wakachimba. Mimi nilikuwa na matuta yangu mwenyewe sasa, karibu na kibanda. Nilikula, nililala, nilichomoa bati. Kama ungeniuliza kama nina furaha ningekuambia maji yanatosha.

Kisha jambo dogo likatokea, na ndilo lililonitoa kwenye kazi ile.

Ilikuwa zamu ya mfyatua matofali. Maji yalikuwa na njia ndefu kumfikia kule mkiani, na mara nyingi nilishuka nayo nikiondoa majani. Siku ile yalifika kwenye kabichi zake, naye alikuwa ameinama akiyaongoza kwa mkono, tuta kwa tuta, bila haraka, kama anavyofanya mtu anayemnawisha mtoto uso. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Nilisimama. King'ora kilikuwa karibu kulia, na niligundua kwamba natamani kisilie. Natamani maji yafike lile tuta la mwisho kwanza.

Kilipolia nilipanda, nikageuza maji kwa aliyefuata. Sikumpa tone la ziada. Lakini njia nzima ya kupanda niligeuka kutazama kule mkiani, na nililitazama hilo bati kama kitu nilichopewa na watu wengine kwa kuwa sikutamani kitu, na sababu hiyo haikuwapo tena.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa Kasai. Alikuwa akifunga vitunguu mafungu.

"Mama, mutafute muntu mwingine wa mayi."

"Ju ya nini? Nani alikukosea?"

"Hapana muntu."

Alinitazama muda mrefu, kitunguu mkononi. Alikuwa mwanamke mwenye akili. Akasema tu, "Ah," na akaendelea kufunga.

Walimpa yeye. Alisema hataki, akaifanya kazi vizuri, ingawa alikuwa na makelele kuliko mimi na alipenda kueleza sababu za kila kitu.

Mfyatua matofali hakujua, au alijua baadaye. Hiyo ni habari ndefu nyingine na haina haraka. Ninachokumbuka ni juma lile la kwanza. Nilikuwa nimesimama kwenye vitunguu vyangu, tuta moja bado kavu, mama wa Kasai akaja na bati kutaka kufunga.

"Bado!" nikasema. "Sirena haijalia!"

"Imelia, mama. Imelia zamani."

"Haijalia! Miye niko na masikio! Angalia ile tuta, iko kavu, unaiona? Unataka nikule nini, majani?"

Alilishusha bati lake. Kutoka shamba la pili mume wa wifi aliinua kichwa. Wifi alikuwa akishuka na kikapu, akasimama njiani. Na mimi niliisikia sauti yangu ikipanda, kali, ya mwanamke mwenye shamba, ikaendelea kupanda, na sikujua namna ya kuishusha.